Gusa Mtulinga Kabla Hujaandika

Kabla hatujafika mbali, wanangu, inueni mkono wa kulia mguse chini ya shingo, upande wa kushoto, ule mfupa uliolala kama mpini wa kijiko kati ya koo na bega. Mmeupata? Huo ndio mtulinga. Kama umesoma sentensi hiyo na mkono bado umeshika simu, rudi mwanzo. Mimi sina haraka. Nimestaafu, nakaa zangu Busanza, na kazi kubwa niliyonayo siku hizi ni kuwafukuza kuku wa jirani wasimalize dodo zangu, yaani mchicha.

Jina langu Perpetua. Nilizaliwa Karagwe, kwa wazazi Wanyarwanda waliokuwa wakiishi Tanzania, ndiyo maana Kiswahili changu kinapenda kujionyesha, wakati chenu nyie wa Kigali kina "iko" kila kona. Nilifanya kazi katika ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa kwenye hospitali moja ya huku Kicukiro, jina lake mtanisamehe. Kazi yenyewe ndiyo hii mnayoanza ninyi sasa: kuyageuza maneno ya daktari yawe namba. Daktari anaandika kwamba mtoto alivunjika mfupa alipokuwa anazaliwa. Wewe unatafuta katika orodha ya magonjwa ya dunia nzima, unampa herufi yake na tarakimu zake, ili wizara ijue, bima ijue, na daktari atakayemwona kesho naye ajue. Zamani watu wakiniuliza nafanya wapi nikajibu hospitali, walianza kunieleza migongo yao. Nikisema mimi ni wa namba, walidhani mhasibu, wakaniacha ninywe chai yangu kwa amani.

Aliyenifundisha ni Mzee Anastazi, Mungu amrehemu. Alikulia Bujumbura, alisoma kwa Kifaransa, na alivaa tai hata siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, akiwa na jembe begani. Sheria yake ilikuwa moja: huandiki namba ya mfupa mpaka uuguse huo mfupa mwilini mwako mwenyewe. Fuvu, unagusa kichwa. Paja, unagusa paja. Mtulinga, unagusa mtulinga. Alisema mtu anayeandika mfupa bila kuugusa anaandika neno tu, na neno halilii. Sisi tulicheka, lakini tuligusa.

Siku moja akaja mkaguzi kutoka juu. Akafungua mlango bila kubisha, akatukuta watu wazima tumekaa kimya kila mmoja mbele ya faili lake, mmoja kashika kichwa, mwingine kashika bega, mimi mkono uko kifuani. Yule bwana akavua kofia, akainamisha kichwa, akangoja. Mzee Anastazi akaona kumwacha mgeni aaibike si adabu, akasema, "Amina." Mkaguzi akasema amina, akavaa kofia, akaanza ukaguzi. Katika ripoti yake alitusifu kwa moyo wa ibada.

Mzee huyo huyo alikuwa akitufundisha kantini. Siku ya kuku hakuna aliyekula kwa raha. Atachukua ule mfupa wa kifuani wenye miguu miwili, auinue mbele ya wote, aseme, "Hii ni mitulinga miwili ya kuku, imeungana. Ya mwanadamu haiungani. Kwa nini?" Hakuna aliyejibu, kwa sababu aliyejibu aliulizwa swali la pili na chakula kilipoa. Lakini mpaka leo siwezi kula kuku bila kumgawa kwa mifupa yake, na wajukuu wangu wananikimbia mezani.

Sasa niwaambie makosa, maana najua hayo ndiyo mnayoyataka.

Palikuwa na kijana anaitwa Fideli. Alikulia Kampala, mchapakazi, mwenye haraka ya kila kitu. Wiki yake ya kwanza akaniletea faili la mtoto mchanga, daktari kaandika ile alama ya mistari inayokatizana, halafu neno mtulinga. Fideli akanong'ona, "Mama Perpetua, hii dogiteri iko anapost. Ameweka hashitagi."

"Hashitagi?"

"Ndiyo. Ile alama ya Twita. Labda iko anataka wengine wafolo."

Nilimwacha akae nayo kidogo, maana raha kama hizo haziji kila siku. Halafu nikamweleza kwamba madaktari wameitumia alama ile kumaanisha mfupa uliovunjika tangu simu zikiwa bado na waya. Kwa hiyo wewe uliyezaliwa juzi, ukiiona, usitafute mitandao. Gusa mfupa.

Fideli huyo huyo alichukua namba ya mtoto aliyevunjika wakati wa kuzaliwa akaiweka kwenye faili la mama. Bima wakaturudishia wakiuliza, kwa heshima zote, imekuwaje mwanamke mwenye watoto watatu na duka lake Niboye kazaliwa wiki iliyopita. Fideli akajitetea: "Lakini Mama, si bote walikuwa pamoja?" Walikuwa pamoja, ndiyo, lakini wametoka wawili. Yaliyompata mama yanakaa kwa mama: uchungu ulichukua muda gani, mabega ya mtoto yalikwama au hayakukwama. Yaliyompata mtoto yanakaa kwa mtoto. Na hata kwa mtoto mwenyewe usichanganye. Mfupa una chumba chake, mishipa ya fahamu ya bega ina chumba cha jirani. Mtoto asiyeinua mkono anaweza kuwa na hili, au lile, au yote mawili. Usimchagulie wewe.

Na upande wa kulia ni kulia kwa mtoto, si kwako unayemtazama. Hilo sitalirudia.

Lakini la kuzidi yote ni hili: usibuni, uliza. Daktari akiandika "labda", ni labda. Usiipandishe cheo iwe kweli. Akiandika nusu, mrudie akuandikie nusu iliyobaki. Kuuliza si ujinga, na daktari mzuri hachukii swali. Anachukia tu swali linaloulizwa akiwa anakula. Sasa nitawaeleza siku ambayo swali moja lilimzuia bibi mmoja kupanda basi. Mwenyewe ameniruhusu niisimulie, na mama wa mtoto pia, majina nimebadili. Bibi nimemsomea niliyoyaandika akanisahihisha mara mbili, na zote mbili zilihusu nguo aliyovaa.

Asubuhi hiyo nilifika kufungua ofisi nikamkuta mwanamke mtu mzima amekaa kwenye benchi la mbele ya mlango wetu, amejifunga mshanana wa rangi ya zambarau, si ya kijani, nguo ya sherehe, na begi miguuni. Tumwite Spesiyoza. Akaniuliza, kwa Kiswahili cha Buyenzi, kule Bujumbura, "Mama, hapa gari za Nyabugogo bapandia wapi? Nataka basi ya Bujumbura."

Nikamwambia pa kupandia kwenda stendi hiyo. Halafu, kwa kuwa mdomo wangu haujawahi kustaafu, nikamuuliza mbona mtu anasafiri na nguo za harusi.

"Si harusi. Ni kwita izina. Nilikuja kumupa mujukuu wangu jina." Akatazama begi. "Sasa narudi. Nimemuvunja."

Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayesema amevunja kikombe. Nikakaa pale pale kwenye benchi, funguo mkononi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwanawe wa kiume anaishi Niboye, na mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, mnene, kwa shida, zaidi ya wiki moja kabla. Bibi akaja kutoka Bujumbura kwa ajili ya sherehe, akafika jioni ya kuamkia siku ya jina. Kesho yake asubuhi akamwogesha mtoto, kama alivyowaogesha watoto wake wote: maji ya uvuguvugu, mafuta, kumnyoosha mikono na miguu, kumkanda mabega. Alipouinua mkono wa kushoto, mtoto akapiga ukelele. Bibi akamtuliza, sherehe ikafanyika, watoto wa mtaa wakala, wakapendekeza majina, mtoto akaitwa Manzi, akapitishwa mikono kwa mikono. Siku iliyofuata mama yake akimnyonyesha akagusa kinundu kigumu juu ya bega lile lile. Wakakimbilia hospitalini kwetu, mtoto akalazwa. Picha ikaonyesha mtulinga umevunjika. Bibi hakungoja kuulizwa. Aliwaambia wote: ni mimi, nilimuvuta mukono, akalia.

"Na mukwe wangu hajanitukana hata kidogo," akaniambia. "Angenitukana ningekaa. Amenyamaza tu. Nikienda kumubeba mutoto, anasema, 'Acha mama, pumzika.' Sasa miye nitapumzika mpaka lini? Bibi asiyeshika mujukuu ni mugeni."

Mimi si daktari. Ila nilijua basi la asubuhi lilikuwa bado halijaondoka, kwa hiyo nikamwambia limeshaondoka, angoje la baadaye, na nikamletea chai yangu mwenyewe ya maziwa. Huo uongo nimeshauungama, na padri alicheka.

Nikaingia ofisini. Fideli alikuwa amefika, na mbele yake kuna faili, mkono umeshika mtulinga wa kushoto. Kwetu faili lilikuwa linakuja kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka, ili karatasi za bima ziwe tayari. "Hii ni rahisi, Mama," akasema. "Mutoto mchanga, mtulinga. Dogiteri ameandika: ameumizwa na bibi wakati wa kuogeshwa. Naweka mfupa uliovunjika wa kawaida, halafu naweka chanzo, mtu mwingine. Maliza."

"Toa mkono kwenye mausi," nikamwambia.

Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kazi yetu ilipo. Mtulinga wa mtoto mchanga una namba mbili. Ukivunjika wakati wa kuzaliwa, unakwenda kwenye herufi ya watoto wachanga. Ukivunjika baadaye, kwa kuanguka au kuvutwa, unakwenda kule kwa mifupa ya watu wote, na lazima useme nini kiliuvunja. Mfupa ni ule ule, maumivu ni yale yale, lakini ile namba ya pili kwa mtoto wa siku chache haikai faili tu. Inamletea afisa wa ustawi wa jamii, anakuja kuuliza nyumbani nani anamshika mtoto, na ni haki aulize, maana wapo watoto wanaoumizwa kweli. Kwa hiyo Fideli alikuwa anakaribia kuandika kwamba yule mama wa kwenye benchi ni mtu wa kuchunguzwa. Na sentensi ya daktari ilimruhusu.

Nikalifungua faili. Sentensi ile iliandikwa mapokezi, kabla ya picha kupigwa. Chini yake, baada ya picha, daktari alikuwa ameandika maneno machache tu: umevunjika, unaunga vizuri, afungwe mkono, arudi kliniki. Sikuona popote palipoandikwa ulivunjika lini. Nikajigusa bega, nikafikiri. Unaunga vizuri. Sikuwa na ruhusa ya kwenda mbele zaidi ya hapo. Ningeweza kujiamulia mimi, kwa kuwa nilimwonea huruma yule bibi na chai yangu iko mkononi mwake, lakini kuandika namba kwa huruma ni kubuni vile vile. Kama kweli alimvunja, basi ndivyo ilivyo, na mimi nitaandika huku nalia.

Nikampigia Daktari Keneti, aliyeandika faili lile. Huyu alikuwa kijana wa watu, naye wa Kampala, anafanya kazi mpaka anasahau kula. Akaja mwenyewe, kikombe cha uji mkononi. "Tanti, mumeniita. Kuna shida?"

"Hakuna shida, Daktari. Nina swali moja. Mtoto Manzi, mtulinga wa kushoto. Ulivunjika wakati wa kuzaliwa, au baada?"

"Wakati wa kuzaliwa," akasema, bila hata kumeza uji. "Iko wazi. Ile kinundu si mfupa uliovunjika, ni mfupa mpya iko inajijenga pale ilivunjika. Hiyo haijengwi siku mbili. Inataka wiki na zaidi. Mabega yalikwama, mtoto mukubwa, inatokea hata kwa mkunga mzuri kabisa. Wengine tunawaona siku ile ile, wengine mpaka kinundu kitokee." Akanywa uji. "Kwani sikuandika?"

"Hukuandika. Uliandika alichosema bibi."

Akavuta faili, akasoma, akajipiga paji la uso. "Ayi wee. Hii niliandika mapokezi. Nilisema nitarudi kumaliza, halafu wakaniita labor, kuna mama anajifungua." Akakaa kwenye kiti cha Fideli, akaandika vizuri, akatia tarehe na sahihi: jeraha la kuzaliwa, halikusababishwa na kuogeshwa. Fideli akaangalia mpaka nukta ya mwisho.

"Na bibi mwenyewe umemwambia?" nikauliza.

"Bibi gani? Nilimwambia mama wa mtoto kwamba itapona. Bibi iko wapi?"

Nikamfungulia mlango. Spesiyoza alikuwa amesimama, begi liko kichwani tayari, anarudisha kikombe.

Daktari Keneti alimwita mukecuru, yaani bibi mzee, akamshusha begi, akamkalisha, akamweleza kwa Kinyarwanda taratibu kabisa, mpaka na kuchora kwenye kiganja chake. Mkwe wa bibi alikuja na mtoto kutoka wodini, akasikia naye, akaanza kufuta machozi kwa kanga ya mtoto. Nilidhani mambo yameisha. Lakini bibi alimtazama yule kijana kwa upole, akamshika mkono, akasema, "Asante, mwanangu. Una adabu. Wamekulea vizuri. Lakini unasema hivyo kwa sababu miye ni muzee."

"Hapana mukecuru, ni ukweli."

"Ndiyo, ndiyo." Akaanza kuinama kuchukua begi.

Jamani! Tulikwama. Kwa watu kama sisi, daktari anaficha ubaya kwa heshima. Ni nani kati yenu hajawahi kumsikia mtu mzima akiambiwa "ntacyo, ni kitu kidogo" na wote chumbani wanajua si kidogo? Kadiri Keneti alivyozidi kumbembeleza ndivyo bibi alivyozidi kusadiki kwamba kweli alimvunja.

Halafu akanigeukia mimi. "Wewe Mama, kazi yako ni nini hapa?"

"Naandika namba, Bibi. Kila ugonjwa una namba yake."

"Na hiyo namba munabadilisha mukiona mutu analia?"

"Hatubadilishi. Inakwenda wizarani, inakwenda bima. Ukiweka ya uongo unafukuzwa."

"Basi ya mujukuu wangu umeandika namba gani?"

Nikamtazama mama wa mtoto. Akatikisa kichwa kukubali, mtoto kifuani. Nikamtazama Fideli. Akarudi ndani, nikasikia kibodi inalia, akatoka. "Pe kumi na tatu, nukta nne," akasema, na mkono, kwa mazoea ya ofisi yetu, uko kwenye mtulinga.

"Maana yake?"

"Mtulinga uliovunjika wakati mtoto anazaliwa," nikajibu. "Hiyo tu. Ukivunjika siku nyingine yoyote haipewi namba hiyo."

"Hata dunia nzima?"

"Dunia nzima. Bujumbura, Kigali, Ulaya."

Akakaa. Akaweka mkono wake pale Fideli alipoweka wake, chini ya shingo, juu ya mshanana. "Rudia."

Nikarudia. Akairudia naye, polepole, pe kumi na tatu nukta nne, kama mtu anayejifunza jina la mkwe. Mara ya tatu sauti ikakatika, akalia kwa nguvu, pale pale kwenye benchi la kumbukumbu, mbele ya watu waliokuja kutafuta vyeti vyao. Na mimi nililia. Fideli alisema ana mafua. Miaka yote ile nilidhani namba ni kitu kikavu, cha kuwafurahisha wakubwa, na siku hiyo niliona mtu akiishikilia kwa sababu ya huo ukavu wake.

Mkwewe akasogea, akamwekea mtoto mapajani. Bibi akamkagua: mkono umefungwa kifuani, mkono wa shati umebanwa kwa pini. Keneti akaonyesha jinsi ya kumwinua, kiganja chini ya mgongo, si kwa makwapa. Bibi alimwacha amalize, kisha akamwambia, "Mikono yako ni ya baridi, mwanangu. Mutoto anashtuka. Ujipashe kwanza." Halafu akauliza kama hospitali ina maji ya moto, maana mtoto hakuogeshwa vizuri tangu juzi.

Basi la Bujumbura liliondoka bila yeye, asubuhi ile na mchana wake. Alikaa Niboye mpaka Manzi akaanza kutambaa, na huko nyumbani hamwiti Manzi. Anamwita Pe Kumi na Tatu. Mtoto anaitika. Nasikia hata shule ya chekechea aliulizwa jina akataja hilo, na mwalimu akadhani ni namba ya nyumba.

Sasa ninyi mmefungua kitabu kipya, orodha imepangwa upya, kila kitu kiko kwenye kompyuta na herufi zimehama. Fideli, ambaye leo ndiye mkubwa wenu, aliniambia kwamba mtulinga wa mtoto mchanga haukai tena pale ulipokuwa. Sawa. Jifunzeni hiyo mpya, muijue kuliko nilivyojua mimi ya zamani, na mwendelee kugusa. Ila Bibi Spesiyoza huja Kigali kila Pasaka, na hupita pale ofisini kusalimia. Mtamjua kwa mshanana wa zambarau. Atasimama mlangoni, ataweka mkono chini ya shingo, atawatajia namba yake, kisha atawatazama aone kama bado iko kwenye faili la mjukuu wake.

Mwambieni bado iko.